Kinga ya darubini za eksirei: kuongeza metali au kuchagua obiti?

Darubini ya Chandra ya NASA ilirushwa Julai 1999. Wiki chache tu baadaye, chipu nane kati ya kumi za kamera yake ya ACIS zilikuwa zimepungukiwa uwezo. Zilidhuriwa na protoni za nishati ndogo, ambazo hata bamba jembamba la alumini lingeweza kuzizuia. Mtu anayesema darubini ya anga inahitaji tu ngao nene zaidi aanze kwanza na kisa hiki.

Eksirei ikiingia kwenye silikoni hufungua elektroni, na wingi wa elektroni hizo ndio unaotuambia mwale ulikuwa na nishati kiasi gani. Kisha elektroni huhamishwa kutoka pikseli moja hadi nyingine mpaka ukingoni zinakohesabiwa, mithili ya watu waliojipanga mstari wakipokezana ndoo za maji. Protoni ikigonga atomu ya fuwele na kuing'oa mahali pake, huacha kasoro inayonasa elektroni njiani. Hesabu hufika pungufu, na mwanasayansi anayetafuta alama ya chuma kwenye gesi ya kundi la galaksi huiona imefifia na kutawanyika.

Protoni zile zilipita njia ileile ya eksirei. Vioo vya darubini hizi huelekeza miale kwa kuigusa kwa pembe ndogo mno, kama inaparuza tu uso wa kioo. Chandra ilipokuwa ikikatiza mikanda ya Van Allen, yaani maeneo yanayoizunguka Dunia ambako uga wake wa sumaku umenasa chembe za mionzi, kamera iliachwa mahali pake nyuma ya vioo, na protoni nazo zikaparuza vioo na kuishia kwenye chipu. Ushahidi ulikuwa kwenye chipu zenyewe: sehemu iliyofunikwa kwa metali, inayohifadhi picha kwa muda kabla ya kusomwa, haikuguswa. Chipu mbili zilizowekwa kwa kugeuzwa mgongo nazo zilisalimika, kwa sababu protoni ziliishiwa nguvu ndani ya silikoni kabla ya kufikia tabaka linalopitisha elektroni.

Kwa hiyo wanaotetea metali wana hoja, na si ndogo: palipofunikwa palipona. Tatizo ni kwamba upande wa vioo hauwezi kuzibwa wakati darubini inafanya kazi. Tena kuna miale ya kosmiki, yaani chembe za kasi kubwa kutoka anga za mbali, zenye nishati kubwa kiasi kwamba hupenya bamba na kuzalisha chembe nyingine ndani yake, hivyo kuongeza unene huweza kuongeza kelele, yaani ishara za uongo kwenye kamera. Metali yenyewe nayo hung'aa kwa eksirei ikipigwa na chembe hizo. Katika kamera moja ya darubini ya Ulaya, XMM-Newton, picha iliyochujwa ibaki na nishati ya eksirei zinazotolewa na shaba tu huonyesha umbo la bodi ya elektroniki iliyo nyuma ya kigunduzi, pamoja na tundu lake la katikati. Ndiyo maana wahandisi hupanga metali kwa tabaka, ile nyepesi ikiwa karibu na kigunduzi, ili imeze mng'ao wa ile nzito.

Njia ya pili ni kuchagua obiti, yaani njia ambayo darubini huzungukia Dunia, na hapa pwani yetu ina historia yake. Uhuru, setelaiti ya kwanza iliyojengwa mahsusi kwa astronomia ya eksirei, ilirushwa Desemba 12, 1970 kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Ukirusha karibu na ikweta unapata obiti ya chini isiyopita katikati ya ukanda wa Atlantiki ya Kusini, ambako mionzi hushuka karibu na Dunia. Uga wa sumaku wa Dunia nao huzuia sehemu kubwa ya miale ya kosmiki, bila kuongeza uzito wowote. Mwaka 2021 IXPE, darubini ndogo ya eksirei ya NASA, ilipelekwa kwenye obiti ya ikweta kutoka Florida, na roketi ikalazimika kutumia nguvu nyingi kugeuza mwelekeo. Kutoka Malindi gharama hiyo ingekuwa ndogo sana, lakini hakujarushwa roketi pale tangu 1988.

Hata hivyo obiti ya chini ina hasara ambayo watetezi wake huipitia haraka. Kila baada ya saa moja na nusu hivi Dunia huziba sehemu kubwa ya anga, na utazamaji hukatika. Chandra, kwenye obiti ya takribani saa 64, huweza kutazama mahali pamoja kwa hadi saa 55 mfululizo. Kwa nyota inayobadilika polepole, muda huo ndio sayansi yenyewe.

Mimi naona waliochagua obiti ndefu hawakukosea. Kosa lilikuwa kuiacha kamera wazi ndani ya mikanda, na lilirekebishwa: sasa ACIS huondolewa nyuma ya vioo kabla ya kila kupita. XMM-Newton, iliyorushwa Desemba 1999, ilinufaika na somo hilo na hufunga kamera zake kwa alumini, ingawa milipuko ya protoni bado huipotezea takribani thuluthi moja ya muda wa kutazama. Kwa darubini ndogo isiyohitaji utazamaji mrefu, ningechagua ikweta bila kusita. Kwa kubwa, kilo za ziada ningezitumia kwenye sumaku za kupindisha protoni zinazotoka kwenye vioo, kama zilizopangwa kwa darubini ya Athena ya Ulaya. Protoni ni nzito mara 1,836 kuliko elektroni, hivyo ni vigumu zaidi kuzipindisha, na sumaku hizo lazima ziwe na nguvu na uzito wa kutosha, lakini hufanya kazi upande uleule ambao bamba haliwezi kuwekwa.