Wiketi za Kigali zina uzito gani?

Januari 2023, Potchefstroom, Afrika Kusini. Kombe la Dunia la kriketi kwa wasichana chini ya miaka 19. Zimbabwe wanafukuzia mikimbio (pointi za kriketi) 119 ya Rwanda na wamebakiza wiketi nne, yaani wapigaji wanne wakitolewa, zamu yao imekwisha. Henriette Ishimwe, mrushaji wa Rwanda, anaanza ova ya 19, yaani fungu la mipira sita, kati ya 20. Mpira wa kwanza, wiketi. Wa pili, wiketi. Wa tatu, wa nne, mechi imekwisha: Zimbabwe nje kwa mikimbio 80. Siku chache baadaye Rwanda hao hao wakawatoa West Indies kwa 70 na kushinda.

Ishimwe hakuwa mgeni wa mechi za kimataifa, kwani alikuwa ameshaichezea timu ya wakubwa ya Rwanda. Na hapo ndipo ubishi unapoanzia: mrushaji kijana wa Kigali anapojikusanyia wiketi "za kimataifa" mapema hivyo, tuzihesabu kama za wenzake wa India au Australia?

Wanaokataa wana hoja nzito. Tangu Julai 2018, Baraza la Kriketi la Kimataifa, ICC, linaipa hadhi ya kimataifa kila mechi ya wanawake ya ova 20 kati ya wanachama wake. Mwaka uliofuata, kwenye Kwibuka, mashindano ya wanawake pale Kigali, Mali walitolewa na Rwanda kwa mikimbio sita. Sita! Mmoja tu ulitoka kwenye gongo, mitano ilikuwa ya ziada. Josiane Nyirankundineza alichukua wiketi tatu bila kuruhusu hata mkimbio mmoja, na Rwanda wakahitaji mipira minne tu kumaliza kazi. Uganda nao wakawapiga Mali mikimbio 314, sisi Tanzania tukawapiga 285 na kuwatoa kwa 17. Nilishangilia, sikatai, ila ukiitazama kadi ile leo unaona soni kidogo. Takwimu za namna hiyo hazikuambii mrushaji anajua nini.

Lakini bila mlango ule wa ICC, binti wa Kigali angejifunzia wapi? Ova ile ya 19 ilitaka mtu aliyekwishazoea kushika mpira timu ikimtegemea, na mazoea hayo hayapatikani mazoezini. Mechi za Kwibuka dhidi ya Uganda, Kenya na Tanzania si za mzaha hata kidogo. Kwangu mimi hadhi ile ibaki. Kasoro ni kwamba ngazi inayofuata haipo.

Mtazame Titas Sadhu wa India, mrushaji mwingine wa kasi kwenye kombe lile lile. Kwenye fainali alirusha ova nne, akaruhusu mikimbio sita na kuchukua wiketi mbili. Uingereza wakaishia 68. Wakati huo hakuwa na mechi hata moja ya timu ya wakubwa ya India. Wiki mbili baadaye, kwenye mnada wa kwanza wa wachezaji wa ligi ya wanawake ya India, timu ya Delhi Capitals ikamchukua. Septemba akaanza kuichezea timu ya wakubwa kwenye Michezo ya Asia, Hangzhou. Siku moja baada ya mechi yake ya kwanza, kwenye fainali na Sri Lanka, alichukua wiketi mbili katika ova yake ya kwanza, kisha akamtoa Chamari Athapaththu, nahodha wao na mpigaji wanayemtegemea kuliko wote. Ova nne, mikimbio sita, wiketi tatu, medali ya dhahabu. Ukihesabu mechi, Ishimwe alikuwa mbele yake mbali. Ukihesabu makocha, mshahara na wapigaji wakali wa kukabiliana nao kila wiki, huwezi hata kuwalinganisha.

Watetezi wa mfumo watakwambia ligi ya India ina dirisha: timu inaruhusiwa mgeni wa tano uwanjani akitoka nchi isiyo mwanachama kamili wa ICC, kama Rwanda. Ni kweli, na dirisha hilo lilizaa matunda haraka. Machi 2023, Tara Norris wa Marekani, akiichezea Delhi hiyo hiyo, alichukua wiketi tano kwa mikimbio 29, wa kwanza kufikisha tano katika historia ya ligi hiyo. Ila Norris kriketi yake aliikuzia Uingereza, na alikuwa na timu huko kabla ya mnada.