Kuku alivyohamia kwenye dashibodi ya gari la rali

Jamaa yangu wa Kihesa hapa Iringa ana Nissan Sunny B14 ya rali. Nasema ya rali kwa heshima tu, maana ndani imebaki bodi, siti mbili, rolikeji (yale mabomba ya chuma ya kuwakinga gari ikipinduka) na kelele. Alianza kung'oa siti ya nyuma, ikafuata kapeti, vitambaa vya milango, redio, mwisho akaishusha dashibodi nzima eti gari inatakiwa iwe nyepesi. Sasa lile liplastiki na makorokoro yake yote halifiki hata nusu mfuko wa simenti, na yeye toka Pasaka kaongeza karibu kilo hizohizo tumboni, ila ukimgusia hilo ananuna mpaka jioni.

Mi ndo navigeta wake. Nakaa kushoto nasoma nukuu za kona, na mbele yangu palikua na waya tupu zinaning'inia na kipande cha bati kimefungwa geji ya mizunguko ya injini na swichi tatu ambazo hazijaandikwa chochote. Ya katikati ni waipa, au honi, inategemea na siku.

Tungeendelea hivohivo ila yalikuja mambo mawili. La kwanza betri. Ikawa kila tukizima gari tunasukuma, tukabadilisha betri, tukasukuma na mpya. Fundi umeme mmoja wa Ipogolo akaja kutucheka, akasema kwenye hii Sunny umeme wa kuamsha altaneta, ile inayochaji betri, unapitia kwenye kataa kale kekundu ka chaji kwenye dashibodi, sasa nyie mmeitupa dashibodi na kataa kake, altaneta itaamshwa na nani? Labda ukanyage moto sana ndo inastuka yenyewe. Jamaa akasema ndo maana huwa anakanyaga sana. Uongo, anakanyaga kwa sababu ya sifa.

La pili ukungu. Anaeijua Iringa ya mwezi wa sita na wa saba asubuhi hahitaji maelezo. Watu wawili mnahema ndani, kioo cha baridi, dakika mbili hamuoni kitu. Boksi la hita na feni yake lilikuwepo, hakuling'oa kwa uvivu, ila njia za kupeleka hewa ya moto kwenye kioo zimo ndani ya dashibodi. Kwa hiyo nilikua mkono mmoja nukuu, mkono mmoja tambara, nafuta upande wa dereva, wa kwangu Mungu anajua.

Ikaamuliwa dashibodi irudi. Iko wapi? Kwa mama yake, nyuma ya jiko.

Tumefika, shikamoo mama, marahaba wanangu karibuni, tukazunguka nyuma. Dashibodi imelazwa chali juu ya tofali, na mle panapokaaga redio kachomoza kichwa kuku mwekundu anatuangalia kwa dharau, yaani sisi ndo tumevamia kwake. Jamaa akapeleka mkono, akadonolewa. Mama huku nyuma anasema kwa upole kabisa, "Huyo analalia mayai. Hatoki mpaka aangue."

"Mama, hiyo ni dashibodi ya gari."

"Ilikua."

Tukamwambia tumhamishie kwenye boksi zuri. Mama akauliza mmeshawahi kumhamisha kuku anaelalia? Akisusa, mayai kumi na moja mnalipa nyie? Na vifaranga ambavyo vingetoka je, na vingekua, na vingetaga? Alivyokua anaendelea kupiga hesabu nikaona hii bei inakaribia ya Sunny yenyewe, tukaomba radhi, tukanywa chai, tukaondoka kwa kusukuma gari. Kuku analalia siku 21 na huyu alikua hana hata wiki. Rali gani duniani imewahi kumsubiri kuku sijui, ila sisi tulimsubiri.

Siku mama alipopiga simu, "wameangua, njooni mchukue kibao chenu", tulienda mbio. Tukaisugua kwa brashi na sabuni ya unga, tukaianika juani, ikang'aa. Nawaambieni ilikua imetakata mpaka nikataka kuipiga picha.

Kuirudisha sasa ndo shughuli. Dashibodi ilitengenezwa iingie kwenye gari isiyo na kitu, sio hii yenye mabomba ya rolikeji yanayoshuka kwenye kona mbili za mbele. Haipiti. Ukiingiza kushoto kulia inagoma, ukiilaza inakwama kwenye stelingi. Ikabidi ikatwe pembeni kufuata bomba, tunapima, tunakata kidogo, tunajaribu, tunakata tena, maana ukishazidisha plastiki hairudi. Bolti zake nusu hazikuonekana, tukaishikilia na vibano vya bati na skrubu. Halafu waya. Jamaa wakati anang'oa aliweka alama kwa tepu ya karatasi ili asisahau, nikafurahi, nikasogeza tochi nisome. Moja imeandikwa HII. Nyingine HII PIA. Ya tatu SIJUI. Ikabidi fundi wa Ipogolo aitwe, akalala chali chini ya usukani mchana mzima na mita yake, akitoka pale kila taa inafanya kazi yake na kale kataa ka chaji kanawaka ukifungua swichi, injini ikishika kanazima kama inavyotakiwa. Tukampa elfu thelathini yake. Akawa anajikuna shingo. Hatukuzingatia.

Kesho yake alfajiri tukaenda kujaribu barabara za vumbi upande wa Kalenga. Ovaroli, glavu, helmeti, mikanda imebana kifua, baridi kali. Kioo kikaanza kuziba. Jamaa kwa madaha kabisa akawasha hita, feni namba ya mwisho.

Kwanza yalitoka manyoya. Machache tu, mekundu, yakapanda kwenye kioo yakawa yanazunguka. Tukacheka. Yakafuata majani makavu na vumbi la harufu ya banda. Hewa ikaanza kua ya moto, kioo kikafunguka safi, nikasema aisee imefanya kazi, nikaanza kusoma. Nikahisi kitu kinatembea kwenye nyusi. Halafu sikioni. Halafu kila mahali.

Asiewahi kufuga kuku niwaambie, utitiri ni vidudu vidogo kama nukta, mchana vinajificha kwenye nyufa, na vinaweza kukaa muda mrefu bila kula vinasubiri. Sabuni yetu iliishia juu juu. Wenyewe walikua ndani kwenye njia za hewa, na sisi tumewapelekea joto na watu wawili waliofungwa mikanda.

Helmeti huwezi kujikuna. Ovaroli huwezi. Mi nimejitahidi kusoma, "kulia tatu inabana, mita hamsini, kushoto nne, shingoni, SHINGONI!" jamaa anapiga kelele shingoni ni kulia au kushoto? Akafunga breki katikati ya barabara, tukatoka kila mtu na mlango wake, tukavua pale pale mpaka bukta.

Mzee mmoja alikua anapita na baiskeli. Akasimama. "Kamwene."

"Kamwene, babu."

"Mmekanyaga siafu?"

"Hapana babu, ni utitiri."

"Kuku yuko wapi?"

"Alikua kwenye dashibodi."

Akaiangalia gari, akatuangalia sisi, akapanda baiskeli bila kuaga. Waliofuata ni kina mama wanawahi mnada, hao sitawaelezea.

Tulirudi mjini madirisha wazi, hita imezimwa, meno yanagongana. Mama alitupokea getini, akakataa tusiingie, akatuletea kopo la dawa ya unga ya kuku, akatunyunyizia kuanzia kichwani huku anauliza kwa nini hatukumuuliza, maana banda zima alishapulizia toka wiki ile, ilibaki dashibodi tu.

Ikabidi ishushwe tena ipuliziwe njia zote. Tukampigia fundi umeme, hakupokea. Tukamfuata Ipogolo, tukamkuta kajipaka dawa nyeupe shingo nzima. Akachukua karatasi akaandika hesabu bila kutuangalia: kuchomoa waya, elfu kumi na tano. Kurudisha waya, elfu thelathini. Kuku, elfu ishirini.

Jamaa akaomba apunguziwe. Fundi akapunguza kwenye waya.