Kabla hamjaiamini ile video ya mlingotini

Haya, wacheni kunitumia ile video yangu nikining'inia juu ya mlingoti wa yoti yetu. Nimeiona. Mamangu ameiona, shemeji aliyeko Muscat ameiona, na jana baada ya swala imamu alinishika mkono kwa upole kabisa akaniuliza, "Kule juu kuna upepo mzuri?" Nikamwambia upo, shekhe. Watu safu nzima wakavaa viatu haraka haraka wakacheke nje.

Aliyeposti mnamjua, ni yule anayejiita Nahodha na tangu azaliwe hajavuka bahari kupita mlango wa Kilifi Creek. Akaandika chini yake "mwenye tumbili huyu aje amchukue". Na kwenye group akaongeza eti nililia. Sikulia. Jicho lilikuwa na jasho, na nilitaja jina la mama mara kadhaa, basi.

Sasa sikieni yangu.

Yoti yetu ile, mnaijua, futi 32, faibaglasi ya miaka ya sabini, ina umri kunishinda mimi. Mpango ulikuwa kusi ikilegea tuteremke nayo hadi Lamu, kwa hivyo bamvua hii, siku za maji kujaa na kupwa sana, tukaipandisha pale kivuko cha zamani, upande wa Mnarani, tuisugue chini na tuipake rangi ile yenye shaba ya kuzuia makome. Bamvua huku kwetu maji hujaa alfajiri na kufika saa nne asubuhi yamepwa kabisa, tofauti ni zaidi ya mita 3, kwa hivyo unaileta gizagiza, unaifunga kwenye nguzo, maji yanaondoka yenyewe unabaki na chombo kimesimama kwa mkuku wake, ule uti wa chini kabisa, na wewe na brashi. Kazi yenyewe ilienda vizuri. Wangeiposti hiyo basi! Hakuna aliyerekodi nikipaka rangi.

Shida ni taa ya kileleni. Ile ya kusafiria usiku, nyekundu kushoto, kijani kulia, nyeupe nyuma, ilikuwa na balbu ya zamani ya wati 25. Kwa betri ya volti 12 hiyo inakunywa ampea mbili muda wote ikiwaka, ukisafiri usiku mzima asubuhi betri imelala na friji imelala na wewe mwenyewe ndio usiseme. Balbu ya LED inakula wati mbili tatu hivi na mwanga ni uleule. Nikaagiza, ikafika, nikaona aah, si tuko hapa tumesimama, maji hayapo, chombo hakichezi, napanda mara moja natia nashuka. Nahodha akasema wazo zuri sana. Hapo ndipo ningeshtuka.

Kiti cha kupandia mlingoti hatuna, kile cha dukani bei yake unapata mbuzi mzima. Lakini mbuzi ya kukunia nazi ilikuwepo, ya mama, kibao cha mvule, imekaa jikoni miaka na miaka. Nikatoa ulimi, nikatoboa matundu manne, nikapitisha kamba. Kiti hicho. Na niwaambie ukweli, ni imara, pale nilipofika nilichokiamini ni hicho kibao tu.

Nikapandishwa na henza mpya ya tanga kubwa, yaani kamba ya kulipandishia. Zile henza nyingine nilikuwa nimezitoa nizibadilishe, nimeacha uzi mwembamba tu mahali pake ili kamba mpya zikija zipite. Kumbukeni huo uzi. Nahodha kwenye winchi, kra-kra-kra, napanda, mita 12 sio mchezo jamani, nikafika kileleni, nikafungua kikombe cha taa, balbu ya zamani nje, mpya ndani, nikafunga. Safi. Mikono hata haitetemeki. Nikapiga na selfi, daraja lote nyuma yangu.

Nikamwambia, "Shusha!"

Akalegeza. Nikashuka kama shubiri moja. Halafu juu ya kichwa changu nikasikia *tak*, kidogo tu, sauti ya mtu kufunga mkoba, na nikasimama. Nikatazama juu. Kamba imetoka kwenye kapi, kile kigurudumu inachopitia, imejipenyeza pembeni, kati ya kapi na ukuta wa mlingoti, imebanwa haswa. Yoti za miaka ile henza zilikuwa za waya, kapi lake lina mfereji mwembamba wa waya, sisi tumetia kamba. (Mafundi mnaotaka kunifundisha hilo saa hizi, asanteni, mmechelewa.)

"Pandisha kidogo!" Akazungusha winchi, kamba ikalia, haikwenda. "Shusha!" Akaachia kabisa, mwenda wazimu yule, aliachia kamba yote ikalala pale chini sitahani, nami sikushuka hata kidole. Yaani nilikuwa nimeshikwa na kile kibano peke yake. Hapo ndipo nikaukumbatia mlingoti, mikono, miguu, shavu, kila kitu.

Na hapo hapo, mkuku ukazama kwenye tope.

Chini wanasema ilikuwa ni vidole viwili tu. Nguzo zikalia ngiii, chombo kikajilaza kidogo upande wa pili, mtu aliye sitahani hata kikombe chake cha chai hakimwagiki. Lakini hesabu yake ukiwa mita 12 juu ni nyingine kabisa. Mimi niliona daraja likiondoka. Polepole. Likaenda, likaja minazi ya ng'ambo, ikaja bahari, na mlingoti ukanitoka kifuani nikabaki nimening'inia hewani juu ya tope kama nguo iliyosahauliwa kwenye kamba. Nikazunguka. Taratibu, mzunguko mzima, nikiwaonyesha watu wa Mnarani uso, kisha watu wa Kilifi, kisha nikageuka, na kaptula ilikuwa imeshikwa na waya wa antena ya redio. Ilipasuka bila haraka, nyuma, kutoka mkandani mpaka chini. Nikaendelea kuzunguka. Juu ya daraja matatu ikapunguza mwendo, makanga akatoa mwili wote nje, akapiga mluzi.

Akina mama wa samaki wote wakatazama chini kwa heshima. Mmoja tu hakutazama chini.

Mzee mmoja akapiga kelele, "We kijana, ni mtu ama ni bendera?"

Nahodha akasema "nakuja sasa hivi, natafuta usaidizi". Video inaonyesha vizuri usaidizi aliotafuta, anavuta zum.

Na simu ikalia mfukoni. Mama.

"Uko wapi?"

"Niko juu, mama."

"Juu wapi?"

"Juu ya mlingoti. Nimekwama."

Kimya. Nikajua sasa atalia, ataita majirani, ataanza dua.

"Mbuzi yangu iko wapi? Nina wageni wa mchana."

"...Nimeikalia."

Akakata.

Kushuka kwenyewe hakuna hadithi. Yule yule mzee wa bendera, kumbe ameendesha majahazi ujana wake wote, aliuona ule uzi, akaomba sindano ya matanga, akashona kamba nene ncha kwa ncha na uzi, akavuta upande wa pili polepole mpaka kamba ikatokea kwenye kapi jingine mbele ya pua yangu. Nikajifunga kiunoni na kibaoni, wakachukua uzito kwa winchi, nikafungua ile iliyobanwa, nikashushwa. Mama mmoja akanitupia leso nikajistiri, ile ya maua ya njano mliyoiona mwishoni mwa video, sio yangu na nimeshairudisha. Mzee hakutaka pesa, alitaka kujua kibao ni cha mvule ama mninga. Maji yakajaa jioni, tukatoka.

Nyumbani walikula wali mweupe. Siku hiyo sikuongeleshwa.

Sasa jana usiku tumetia nanga, giza zuri, nikamwambia Nahodha washa ile taa basi tuione. Akawasha. Hakuna kitu. Akazima, akawasha. Giza. Nikachukua karatasi ya balbu nikaisoma kwa mara ya kwanza, kumbe balbu za zamani hazijali waya upi ni chanya upi ni hasi, lakini LED hii inajali, ukiigeuza haiwaki. Na nyaya za kule kileleni mtu alizigeuza labda kabla sijazaliwa.

Nahodha amesema hapandi, ana shinikizo la damu, limeanza jana.

Kwa hivyo natafuta mkwezi. Awe mzoefu wa minazi mirefu, mwepesi, na aje na kiti chake. Malipo tutaelewana. Simu zibaki chini kwenye ndoo, zote, nitazihesabu mwenyewe.