Malaria ya kila Jumatatu

Nilipokuwa darasa la nne nilitumwa karibu kila Jumatatu asubuhi kupeleka kikaratasi ofisini kwa baba. Mama alikiandika kwa mwandiko wake mzuri wa kulala: mume wangu ameamka na homa, tunashuku malaria. Ofisi ilikuwa njiani kuelekea shuleni kwetu, Morogoro. Karani alikipokea, akanitazama kwa huruma, akakitia kwenye mtoto wa meza pamoja na vingine vya wiki zilizopita. Yeye alijua, mama alijua, na mimi nilijua kwamba baba alikuwa amelala sebuleni na viatu miguuni, akinuka gongo.

Kwa miaka mingi nilikihesabu kisa hiki kuwa kisa cha ulevi wa baba. Sasa naona kinamhusu mama zaidi, na kinanihusu mimi. Baba hakuweza kuishi bila pombe, na mama hakuweza kuishi bila kumwokoa baba. Alilipa madeni yake vilabuni. Aliwaambia mawifi kwamba kaka yao amebanwa na kazi. Baba akiamka na furaha, mama naye alipata hamu ya kula. Baba akinuna, tulinyata nyumba nzima mpaka anune vya kutosha. Mtaani mama alisifiwa kwamba ana moyo. Funika kombe, walimwambia, mwanaharamu apite. Akafunika miaka 20.

Hali hii ilianza kupewa jina lake Marekani miaka ya 1970, kwenye vituo vya kutibu walevi, wahudumu walipoona kwamba mgonjwa hawezi kutibiwa peke yake huku nyumba nzima imejipanga kuuzunguka ugonjwa wake. Huku kwetu wengi husema utegemezi wa kihisia. Nitalitumia neno hilo, ingawa linaficha nusu ya jambo. Ukisikia mtegemezi unamfikiria anayebebwa, kumbe mara nyingi anayeugua ni yule anayebeba. Anategemea kuhitajiwa. Mwondolee mzigo uone.

Yupo mwanamke mmoja ambaye kisa chake kilinifungua macho. Lois Wilson alikuwa mke wa Bill Wilson, mmoja wa waasisi wawili wa ule umoja wa walevi wanaosaidiana kuacha pombe, ulioanzia Akron, Ohio, mwaka 1935. Lois alihangaika na ulevi wa mumewe tangu walipokuwa wachanga katika ndoa, akafanya kazi dukani ili wapate kula. Mwishoni mwa 1934 Bill akaacha kunywa. Ungedhani Lois atafanya sherehe. Siku moja Bill alipomwambia wafanye haraka wasichelewe mkutano wa wenzake, Lois alimrushia kiatu. Hasira hiyo ilimshtua yeye mwenyewe. Alichokuwa akikiomba kwa miaka kilikuwa kimekuja, lakini kimeletwa na watu wengine, na yeye akabaki hana kazi maishani. Mwaka 1951 Lois na mwenzake wakaanzisha Al-Anon, vikundi vya ndugu na wenza wa walevi, mahali pa kuzungumzia maisha yao wenyewe.

Niliposoma habari za kiatu kile nilimkumbuka mama. Baba alifariki siku ya Alhamisi, tukazika Ijumaa. Jumatatu iliyofuata nilimkuta mama ameketi ukingoni mwa kitanda saa 11 alfajiri, amevaa, kalamu mkononi. Aliniuliza, "Mwanangu, sasa mimi nafanya nini?" Nilidhani ni majonzi. Yalikuwa majonzi, na kulikuwa na kitu kingine ambacho sikuwa na jina lake wakati ule.

Mizizi ya utegemezi huu iko utotoni, na hapa naomba nimjibu anayesema haya ni mambo ya Wazungu. Sehemu kubwa ya tunachokijua kuhusu namna mtoto anavyojifunza kumtegemea mtu ilianza kuangaliwa kwa karibu hapo jirani, Uganda. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Mary Ainsworth alifika Kampala, akawa anazitembelea familia za Waganda vijijini, familia 26 zenye watoto wachanga 28, akiketi nao nyumbani na kutazama. Aliona mtoto mwenye uhakika na mama yake akitambaa kwenda mbali kidogo, akigeuka kumwangalia mama, kisha akiendelea na safari yake. Mama ni kituo chake. Aliona pia watoto waliolia hata wakiwa mikononi mwa mama zao, kwa sababu hawakuwa na hakika naye.

Mimi namfikiria mtoto wa tatu, yule ambaye kituo chake kinatikisika na yeye anaamua kukishikilia kisianguke.

Nilijua baba amekunywa kiasi gani kwa sauti ya baiskeli. Mnyororo ukilia mfululizo, ameipanda, usiku utapita salama. Ukilia tik, kimya, tik, kimya, anaikokota, basi nilinyanyuka kutoa komeo mapema asije akaupiga mlango teke. Zikisikika hatua tupu bila baiskeli, ameiweka rehani, na hapo niliwaamsha wadogo zangu nikawapeleka chumba cha uani kwa bibi. Nilikuwa na miaka tisa. Majirani walisema mtoto huyu ana akili za mtu mzima, nami nikavimba kichwa kwa sifa hiyo. Leo nikisikia mtoto anasifiwa hivyo, moyo unanienda mbio. Natamani kuuliza mtu mzima wa nyumba hiyo yuko wapi.

Mtoto wa namna hiyo anakua akijua njaa ya kila mtu isipokuwa yake. Ukimuuliza unataka nini, anakutazama usoni kwanza apate kujua wewe unataka nini. Na akifika umri wa kupenda, mtu mtulivu anamwona hana ladha. Mimi nilimpenda mtu wa mikeka ya kubeti. Nilichukua mikopo ya kausha damu mara tatu kumlipia madeni yake, simu nimeificha chini ya mto ili hata mdogo wangu tuliyekuwa tukilala naye asiione. Kila mara niliapishiwa kwamba wiki hii ndiyo ya mwisho. Lakini jambo zito zaidi ni hili: siku aliyokuja akaniambia deni moja amelilipa mwenyewe, kwa jasho lake, nilihisi nimeachwa. Nilikaa jikoni nikalia. Usiku huo ndipo nilipoelewa kwamba kilichokuwa kikinituma si upendo peke yake.

Sisemi kusaidiana ni ugonjwa. Tunasomesha wadogo zetu, tunawatunza wazazi, tunachangia harusi na msiba, na sitaki mtu yeyote aje anifundishe kwamba mtu mzima mwenye afya ya akili huishi peke yake. Mimi hujiuliza swali moja kabla sijatoa: nikitoa hiki, yeye atasimama, au hofu yangu ndiyo itatulia? Ada ya shule ya mdogo wangu inamsimamisha. Kikaratasi cha malaria kilituliza hofu ya mama kwa siku moja, na kikampa baba Jumapili nyingine ya kulewa.

Wala neno hili lisitumiwe kumlaumu mwanamke anayepigwa. Anayenyamaza kwa sababu akisema atavunjwa taya anajilinda. Huyo anahitaji mahali salama na sheria, na mwenye kosa ni anayempiga.

Ninachokilalamikia ni mafundisho. Mwaka juzi nilikuwa kwenye kichen pati, mama mmoja wa heshima akamwambia bi harusi mtarajiwa, "Mwanangu, mume ni mtoto wako wa kwanza." Ukumbi ukalipuka kwa vigelegele. Nilimtazama yule binti. Nilimfahamu tangu mdogo. Ni kifungua mimba kama mimi, aliyelea wadogo zake watatu mama yao alipokuwa safarini kutafuta riziki. Hakuhitaji kufundishwa kulea. Alihitaji somo lake amvute pembeni amwambie kwamba mume ni mtu mzima, kwamba akikosea aachwe akutane na kosa lake, na kwamba yeye binti ana haki ya kuchoka na kusema amechoka. Hakuna aliyemwambia. Nami nilikaa kimya siku ile, na kimya changu kinaniuma mpaka leo. Mama zangu, mkipewa kipaza sauti kwenye shughuli hizi, nawaomba mseme na hilo.

Kwa anayejiona humu na hajui aanzie wapi, sitamwambia aondoke wala abaki. Mimi nilianza kwa kuacha uongo mmoja. Bosi wa yule mwanaume wa mikeka aliponipigia simu kuuliza mbona hajafika kazini, nilimjibu, "Muulize mwenyewe, namba yake unayo." Maneno mepesi tu, lakini mikono ilinitetemeka nikashindwa kushika kikombe. Mbele yangu iliruka sura ya yule karani. Baadaye nikatafuta mshauri nasaha, nikakaa naye miezi minane. Mara kumi za kwanza tulizungumza habari za yule mwanaume tu. Mara ya 11 akaniuliza nilipenda kula nini utotoni, nikakosa jibu.

Nina binti wa miaka saba sasa. Juzi nimerudi kazini nimechoka, nikaketi bila kuvua viatu. Akasimama mlangoni, akanikagua uso, kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Mama, nikuletee maji? Umekasirika?" Niliijua sauti hiyo. Nikamwita, nikamkalisha mapajani, nikamwambia nimechoka kwa kazi, hajafanya kosa lolote, na nitapumzika mwenyewe mpaka nipate nafuu. Akaniangalia kama anayepima kama ni kweli. Kisha akateremka, akaenda uani kucheza rede, na baada ya muda nikasikia akigombana na wenzake kwa sauti ya juu.