Mwana mkaidi hakupigwa mawe kirahisi hivyo
Kuna mwandishi anadai eti Wayahudi wa kale walikuwa wakiwapiga mawe watoto watukutu kwa sababu Kumbukumbu la Torati 21 imeagiza. Andiko lipo kweli, ila mwandishi huyo angefungua na Mishna (mkusanyo wa kale wa sheria za marabi, yaani walimu wa dini ya Kiyahudi), kitabu cha Sanhedrin sura ya 8. Marabi walilibana neno kwa neno: “huyu mwana wetu”, basi wazazi wasiwe vipofu, “hasikii sauti yetu”, wasiwe viziwi. Baba akitaka, mama akikataa, kesi imekufa. Rabi Yehuda (hapa nilicheka peke yangu) akadai wazazi wafanane sauti, sura na kimo! Talmudi, yaani mijadala ya marabi juu ya Mishna, ina kauli kwamba mtoto huyo hakuwahi kuwapo wala hatakuwapo, lakini Rabi Yonathani akabisha: nilimwona, nikakaa juu ya kaburi lake. Nyie wenzangu mnamwamini nani?