Anayemchoma mbwa akupancha, kabla ya hapo alikuwa nani?

Wafugaji wa mbwa hapa Dar, hasa hawa wa German Shepherd na Rottweiler kuanzia Mbezi Beach mpaka Goba na Kigamboni, wameanza kubishana kitu ambacho zamani usingekisikia kabisa. Mbwa kazeeka, nyonga zimechoka, asubuhi kunyanyuka ni shida, dawa za maumivu zinamtibua tumbo, mtu anakwambia jaribu akupancha, zile sindano nyembamba za Kichina zisizo na dawa ndani. Sawa, ila amchome nani? Wapo wanaosema nenda kwa yule yule anayechoma watu, huyo ndo kazi yake, kashika sindano miaka na miaka, mgongo ni mgongo tu. Na wapo wanaosema hapana, mnyama ni wa dokta wa mifugo, mwingine yeyote akigusa ni kanjanja. Mi nimewasikiliza wote na naona kila upande una cha kusema, ila uzito wake haulingani na ntasema kwa nini.

Tuanze na hawa watu wenyewe, huko duniani wanatokea wapi. Wengi ni madokta wa mifugo waliomaliza digrii yao, wakafanya kazi kwanza, halafu wakaongeza kozi. Kuna chama cha kimataifa cha akupancha ya wanyama kinaitwa IVAS, kilianzishwa Marekani mwaka 1974, kozi yao ni ya madokta wa mifugo, mtu baki hapokelewi. Kuna chuo cha Chi Institute cha Florida kilichoanza 1998, siku hizi kinaitwa Chi University, mwanzilishi wake Huisheng Xie alisomea udaktari wa wanyama kwao China ndo akaenda kuchukua PhD University of Florida. Kundi la pili ni wataalamu wa akupancha ya binadamu. Hawa kwa Marekani kusoma kwenyewe ni miaka mitatu hadi minne kiwango cha masta, na kliniki humo humo wanachoma wagonjwa chini ya usimamizi, halafu baadae mtu anaamua kuongeza wanyama. Kuna na watu wa masaji na mazoezi ya viungo vya wanyama ila wengi wao wanabonyeza kwa vidole bila sindano, hao leo nawaacha.

Sheria nazo haziko sehemu moja. Uingereza wamefunga mlango, kwa sheria yao ya udaktari wa wanyama ya mwaka 1966 kumchoma mnyama akupancha ni kazi ya daktari wa wanyama peke yake, uwe umechoma watu miaka thelathini haikusaidii. Marekani kila jimbo na lake, mengi yanaihesabu kama tiba ya mifugo, ila Maryland wanamruhusu mtu wa akupancha ya binadamu mwenye leseni na mafunzo ya ziada ya wanyama, kwa masharti ya kushirikiana na dokta wa mifugo anayemhudumia huyo mnyama. Shikilia hiyo ya Maryland, ntairudia.

Sasa wale wa upande wa "akupancha ni ya watu wa akupancha" wana hoja ambayo wenzao wengi hawaijui. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 pale Los Angeles kulikuwa na kikundi kinaitwa National Acupuncture Association, watu wa akupancha ya binadamu, na ndani yake walikuwepo jamaa kama Gene Bruno na John Ottaviano ambao hawakuwa madokta wa mifugo. Ndo hao walianza kuchoma mbwa na farasi na ndo waliowafundisha baadhi ya madokta wa mwanzo wa Marekani waliokuja kuanzisha IVAS. Yani chama ambacho leo hakimpokei asiye dokta wa mifugo, walimu wa waanzilishi wake walikuwa watu wasio madokta wa mifugo. Hilo huwezi kulifuta, na ukimwambia mtu wa akupancha leo kwamba yeye hana cha kufundisha kuhusu sindano unamkosea heshima.

Lakini ukirudi nyuma zaidi hoja inageuka. Huko China kwenyewe akupancha ya wanyama haikuwa kazi ya waganga wa watu walioamua siku moja wajaribu kwa ng'ombe. Ilikuwa na watu wake, madaktari wa farasi, maana farasi ndo alikuwa jeshi na ndo alikuwa usafiri. Mwaka 1608 ndugu wawili wa ukoo wa Yu, wote waganga wa farasi, walitoa kitabu kikubwa cha magonjwa ya farasi na tiba zake, sindano zikiwemo, na mpaka leo wanaosoma fani hii wanakitaja. Farasi alikuwa na pointi zake, yani sehemu za kuchomwa, ng'ombe zake, hazikunakiliwa kutoka kwa mtu.

Kunakili kulikuja baadae na ndiko kunakonisumbua. Chati nyingi za mbwa zinazotumika sasa zimehamishwa kutoka kwenye mwili wa binadamu, mtu kachukua mistari inayounganisha pointi kwenye mwili wa mtu akailaza juu ya mbwa. Angalia farasi: ramani yake ina mstari uliopewa jina la nyongo, kutoka kichwani mpaka mguu wa nyuma, na farasi hana kifuko cha nyongo. Hana kabisa, ndo alivyoumbwa. Binadamu ana pingili 12 za kifua na 5 za kiuno, mbwa ana 13 na 7, kwa hiyo pointi unayoihesabu kwa mtu ukishuka na mgongo, kwa mbwa haidondoki pale pale. Na farasi anasimama juu ya kidole kimoja kila mguu, sasa zile pointi za vidole vitano utaziweka wapi? Mtu aliyesoma umbo la mnyama miaka mitano anaziona hizi tofauti akiwa amelala, mtu aliyesoma umbo la binadamu inabidi aanze upya, na sio wote wanaanza upya.

Hapa wengine watasema sindano ni nyembamba, akikosea pointi kuna nini? Kuna kifua. Kwa mbwa mdogo aliyekonda ukuta wa kifua ni mwembamba sana, ukiizamisha sindano wima katikati ya mbavu unaweza kutoboa mpaka kwenye pafu na hewa ikaingia pasipotakiwa. Ni ajali ya nadra ila hata kwa binadamu imeshatokea, na binadamu anaweza kukwambia nashindwa kupumua.

Kutobolewa pafu lakini sio hofu yangu kubwa. Hofu yangu kubwa ni kabla ya sindano ya kwanza. Chukua huyo German Shepherd anayeburuta miguu ya nyuma, kaletwa kwenye gari. Dokta wa mifugo mzuri hagusi sindano hata kidogo. Anamtazama kwanza anatembeaje. Anaukunja mguu wa nyuma ili mgongo wa unyayo ndo uguse sakafu, anahesabu muda mbwa anachukua kuurudisha sawa, na asipourudisha maana yake taarifa haifiki kwenye ubongo. Halafu anabana kidole cha mguu kwa koleo, anabana kweli. Mbwa akivuta mguu, mwenye mbwa anashangilia, anahisi, anahisi! Dokta hashangilii, anaangalia kichwa. Mguu kuvutwa unaweza kuwa ni uti wa mgongo umejijibu wenyewe bila ubongo kujua, anachotafuta ni mbwa ageuke amtazame, alie au atake kung'ata, hapo ndo anajua maumivu yamefika juu. Yasipofika hiyo ni dharura ya upasuaji, kila saa ina thamani, na vikao sita vya akupancha wiki hadi wiki vitakuwa vimemmaliza huyo mbwa kwa upole.

Na huku kwetu kuna mengine ambayo vitabu vya Florida haviyapi kipaumbele. Kupe wa Dar mnawajua. Mbwa mwenye homa ya kupe anaweza kuvimba viungo akachechemea, fizi zimepauka, homa ipo, mwenye mbwa anasema ni uzee tu. Huyo anataka kipimo cha damu na dawa. Halafu kuna kichaa. Watu wakisikia kichaa cha mbwa wanawaza mbwa anayekimbia mtaani anang'ata kila kitu, lakini kuna kile cha kimya, mbwa anapooza, miguu inalegea, taya linadondoka, mate yanatoka, anaonekana mgonjwa wa kuonewa huruma. Sasa niambie mtu wa akupancha ya binadamu, ana mikono ya dhahabu, ana huruma, anapiga magoti sakafuni kumshika kichwa mbwa wa namna hiyo ampange sindano za mgongoni. Mate yakimgusa kidonda, akiparuzwa na jino, na asijue akimbilie sabuni na maji na chanjo, dalili zikishaanza kwake hakuna tiba. Hii sio kumdharau mtu, shule yake haikumpa sababu ya kulifikiria hilo. Shule ya dokta wa mifugo ndo kitu cha kwanza inamfikirisha.

Ndo maana nasema uzito haulingani. Ila madokta wa mifugo nao wasijilaze hapo. Digrii ya mifugo nje ya China yenyewe haikufanyi kuwa mtu wa sindano, kozi za kuongeza zinakuwa masaa mia na kitu, sehemu kubwa ni darasani, na siku hizi nyingine unasikiliza kwenye laptopu. Linganisha na yule wa miaka mitatu ya kliniki, kidole chake kinajua msuli umekaza wapi kabla jicho halijaona. Mtu wa sindano za binadamu pia amefundishwa kutotaka haraka, anakaa na mgonjwa, na dokta wetu wa mifugo wa Dar asubuhi ana chanjo ya kuku Chanika, mchana ng'ombe anazaa vibaya Pugu, jioni ndo anakuja kwako Goba kapitia foleni ya Mwenge. Huyu kweli atakaa nusu saa akingoja sindano zifanye kazi? Na wapo ambao cheti cha kozi fupi kinaning'inia ukutani ila ukimuuliza kachoma wanyama wangapi toka amalize, anabadilisha mada.

Tena hata ujuzi wa yule wa binadamu sio wote unahama. Nusu ya kazi yake ni mdomo wa mgonjwa, anachoma anauliza unasikiaje, ile hisia ya uzito inayotakiwa imekuja au bado. Mbwa hasemi. Mapigo ambayo kwa mtu anayapima kwenye kifundo cha mkono kwa mbwa yanapimwa kwa ndani ya paja. Kwa hiyo anahitaji mafunzo ya kweli ya mnyama, sio semina ya wikiendi. Na kwa haki kabisa hilo linawahusu wote wawili.

Kuna suala la ushahidi pia, na mi nadhani ndo linaloamua. Mwaka 2006 watafiti akina Habacher, Pittler na Ernst walikusanya majaribio ya akupancha kwa wanyama wakayapitia yote kwa mpangilio, wakasema hayatoshi kuipendekeza wala kuikataa, kuna dalili nzuri kwenye baadhi ya mambo kama maumivu na kuharisha ila majaribio mengi ubora wake mdogo. Sasa kama faida ya sindano yenyewe bado haijasimama vizuri, na hasara ya kukosa kujua ugonjwa ni kubwa na inajulikana, kinachomsaidia mbwa wako kwa uhakika ni yule aliyejua anaumwa nini. Sindano inakuja nyuma yake.

Hapa nyumbani mfumo wa kulimaliza hili upo nusu. Sheria ya Veterinari namba 16 ya 2003 ndo inayosajili madokta wa mifugo na kuwatambua wasaidizi wao, Baraza lake lipo upande wa wizara ya mifugo. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala namba 23 ya 2002 ina baraza lake upande wa wizara ya afya. Mtu anayechoma mbwa akupancha anaangukia katikati ya wizara mbili, kila moja inaweza kudhani ni wa mwenzake. Lakini sisi kufanya kazi chini ya dokta tumezoea, bwana mifugo wa diploma aliyetoka chuo cha mifugo cha LITA Tengeru anachanja, anatibu, anazunguka kata nzima, na kisheria kuna dokta juu yake. Haijawahi kuonekana ni dharau. Hiyo Maryland niliyosema ni kitu cha namna hiyo hiyo, mtu wa sindano abaki na sindano zake na dokta abaki na ugonjwa.

Hoja ya gharama nimeisikia, utalipa dokta na utalipa mtu wa akupancha, na mwenye punda wa mkokoteni huko Mbagala hela hiyo hana. Ni kweli na inaniuma, ila mwenye punda huyo ndo asiyeweza kumudu vikao vitano vya kutibu kitu ambacho sio. Akilipia kimoja tu, alipie cha kuangaliwa. Na wewe mwenye mbwa, ukishampata dokta muombe akuandikie karatasi ya kumpelekea mtu wa sindano: kaona nini, wapi asichomwe, baada ya vikao vingapi arudishwe kuangaliwa kama hakuna mabadiliko, na chanjo ya kichaa ilikuwa lini. Na mtu wa sindano akiona mbwa amepooza na hana kadi ya chanjo, asimguse, apige simu kwa dokta mbwa akiwa bado kwenye gari.