Bambo Limetoka na Soksi

Ukitaka kumchangisha mtu wa Newala fedha taslimu kabla malipo ya mnada wa korosho hayajaingia benki, utarudi nyumbani na salamu tu. Si kwamba ana roho mbaya. Korosho zake ziko ghalani, karatasi ya mizani iko chini ya godoro, na wote wanaomdai, kuanzia mwenye duka hadi wakwe wa mwanawe, wanangoja mnada huohuo. Ndiyo maana mwalimu mkuu wetu, mama mwenye akili ya haraka, alipotaka sherehe ya kufunga shule ya Desemba iwe na kitu cha kuwapa watoto wasio na sare, hakutaja shilingi hata moja. Alisema kila kaya ilete korosho kwa hiari, kopo moja, mawili, kadiri mtu alivyojaliwa. Shule ina mikorosho yake na namba yake chamani, yaani kwenye ushirika wa wakulima wa korosho, kwa hiyo zitauzwa pamoja na za shule.

Ada ya shule ya msingi ilifutwa zamani, michango ya lazima nayo ikafutwa 2016, na wapo wazazi wanaolikumbusha hilo kwa sauti ya juu hata wakiombwa chaki. Lakini shati jeupe na kaptula ya bluu havikufutwa. Kila Januari utawaona watoto waliovaa mashati ya kaka zao yanayofika magotini, na wengine hutawaona kabisa kwa sababu wamefichwa nyumbani mpaka shati lipatikane.

Mimi ni fundi cherehani, na kibaraza changu kinatazamana na uwanja wa shule. Kwa sababu hizo mbili niliingizwa kwenye kamati bila kupigiwa kura. Mwenye duka alitukopesha kitambaa, soksi na madaftari kwa ahadi ya mnada, mimi nishone, na vitu vyote vilale kwangu kwa kuwa mlango wangu una kufuli inayofungika. Ya ofisi ya shule inafungika pia, ila haifunguki.

Basi jioni watoto wakaanza kuja. Huyu na kopo la maziwa ya unga limejaa korosho, yule na kibakuli, mwingine kazifunga kwenye ncha ya khanga ya mama yake. Mimi napokea, namimina kwenye gunia, naandika jina. Sikuona ubaya wowote mpaka siku moja mgambo alipokuja kusimama mbele ya cherehani yangu, mikono nyuma.

"Fundi, siku hizi cherehani inakula korosho?"

Huku kwetu mtu anayepokea korosho kwa kopo barazani kwake, jua likizama, ana jina moja tu: kangomba. Hao ndio wanaonunua kwa mkulima mwenye shida, nje ya chama, kwa bei ya kulilia, na serikali imewasaka miaka yote. Nikamweleza kwamba ni mchango wa shule. Akasema kangomba wote aliowahi kuwakamata walikuwa na mchango wa kitu fulani, mmoja hata alikuwa anajenga msikiti ambao haukuwa na kiwanja. Nikamwonyesha daftari la majina. Akalisoma polepole, kidole kikitembea chini ya kila mstari, akakutana na jina la mwanawe mwenyewe na mbele yake nimeandika: "Bado."

Asubuhi akaleta makopo mawili. Hakusema neno.

Siku ya mwisho tukawa na magunia mawili ya chama, yale makubwa yanayobeba kama kilo themanini za korosho. Moja lilikuwa na korosho, halikujaa vizuri. Lingine nililipanga mwenyewe: madaftari chini, kaptula na sketi katikati, mashati juu yake, soksi nyeupe mdomoni. Nikayashona yote mawili kwa shazia na uzi wa bluu, mshono uleule, maana mtu wa kazi hashoni ovyo hata gunia. Mwalimu mkuu akaja na kalamu ya wino mzito, akaandika ubavuni mwa la kwanza SHULE, akageuka la pili akaandika SHULE.

"Mwalimu, hili moja si tungeandika SARE?"

"Fundi, yote ni ya shule."

Hoja yake haikuwa na mahali pa kushika. Nikanyamaza.

Alfajiri wakaja vijana waliomaliza darasa la saba Septemba, wale ambao hawana la kufanya mpaka Januari na wana nguvu za kutosha. Mimi nilikuwa kwenye maji, kwa sababu huku juu kwenye uwanda ndoo ya maji unaifuata kabla ya watu kuamka. Mke wangu akawafungulia. Waliagizwa gunia la shule lipelekwe chamani kupimwa kabla lori halijaondoka, na gunia la shule lipelekwe jukwaani. Wakafanya hivyo hasa. Uzito haukuwashtua, mtu ambaye hajawahi kubeba madaftari mapya hajui yalivyo mazito.

Sherehe ilianza vizuri kuliko nilivyotegemea. Pilau ilinukia mpaka barabarani. Watoto walighani kaswida, kisha wengine wakaimba nyimbo za Krismasi, na nusu ya watoto walikuwa kwenye makundi yote mawili kwa sababu kila kundi liliahidiwa soda. Mti wa Krismasi ulikuwa tawi la mkorosho ndani ya ndoo ya mchanga. Walimu walilipamba kwa pamba na karatasi za rangi, lakini mapambo yenyewe yalikuwa mabibo, mekundu na ya njano, yakining'inia na korosho zake chini. Hotuba ya kwanza ilipokwisha mti ulikuwa umebaki na mabibo machache ya juu. Hotuba ya pili ilipokwisha ulikuwa na pamba tu, na darasa la kwanza zima lina madoa kifuani ambayo, nawaambia kama fundi, hayatoki kwa sabuni yoyote.

Gunia lilikaa katikati ya jukwaa. Akina mama walikuwa wameliviringishia khanga mbili mpya na kulifunga utepe, hata alama haionekani, na hakuna aliyepata sababu ya kulipapasa. Mpango ulikuwa mzuri. Mwalimu mkuu alikataa katakata kuwasimamisha watoto wasio na sare mbele ya kijiji, na namuunga mkono mpaka leo. Nimeona sherehe ambapo mtoto anapewa kandambili huku anapigwa picha kama mtuhumiwa. Kwa hiyo mgeni rasmi, diwani wetu, angetoa shati moja tu gunia likiwa wazi, alinyanyue juu, watu wapige makofi, mengine yagawiwe kimyakimya ofisini.

Diwani akakata uzi wangu kwa kisu kidogo. Akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, uso akiugeuza kwa wananchi, tabasamu tayari. Nikaona tabasamu linasita. Mkono ukatoka. Akaufungua taratibu, na kwenye kiganja zikawa zimelala korosho ghafi, kavu, nzuri, za kijivu.

Kimya. Hata watoto waliacha kutafuna.

Hapo tungeweza kuokoka. Mtu mmoja angesema "Samahani, Mheshimiwa, gunia silo," tungecheka na kuendelea na pilau. Lakini tulikuwa na mshereheshaji, na mshereheshaji hulipwa ili kusiwe na kimya.

"Naaam! Mheshimiwa! Hiyo ni zawadi yako kutoka kwa wananchi wako! Vigelegele, akina mama!"

Akina mama, ambao wakiambiwa vigelegele hawaulizi vya nini, wakapiga. Diwani akazitazama zile korosho, akatutazama sisi, na macho yakamlowa kweli. Akashika kipaza sauti. Akasema miaka yote amekuwa akialikwa na kuombwa, akialikwa na kuombwa, na leo kwa mara ya kwanza wananchi wamemwita ili wampe. Kwa heshima hiyo, naye hawezi kuondoka bila kitu: darasa la tatu lililoezuliwa na upepo, bati zake zote atatoa yeye, kwa mfuko wake.

Mwalimu mkuu alikuwa ameshika ubao wa kiti kwa mikono miwili. Lile gunia ndilo deni la mwenye duka, na mwenye duka alikuwa mstari wa pili, amesimama, anahesabu kitu kwa vidole.

Simu yangu ikaita. Karani wa chama.

"Fundi, njoo mara moja. Bambo limetoka na soksi."

Asiyelijua bambo, ni kile kichuma chenye ncha na mfereji ambacho mpima ubora hukichoma kwenye gunia, korosho chache zikatoka bila gunia kufunguliwa. Kawaida hutangulia mizani. Siku ile foleni ilikuwa ndefu, lori linanguruma, na gunia la shule lilipitishwa mizanini kwa heshima ya shule, likaandikwa. Mpima alikuja kulichoma baadaye, lilipokuwa linapandishwa garini.

Nilipofika kwa bodaboda, foleni nzima ya wakulima ilikuwa imevunjika na kufanya duara. Katikati alisimama mpima ubora, kijana wa makini sana, ameshika bambo lake mbele ya macho kama daktari anayesoma kipimajoto, na kwenye ncha yake imening'inia soksi moja nyeupe.

"Fundi," akaniambia bila kucheka, "hili ni zao gani?"

Waliocheka ni wengine. Mmoja akauliza unyevu wake. Mwingine akajibu kwamba hizo hazina unyevu, zimepigwa pasi. Mzee mmoja aliyekuwa amekalia gunia lake akataka kujua kama kaptula ni daraja la kwanza au la pili, maana za kwake zilirudishwa jana zikaanikwe tena na hakuona haki kwenye jambo hilo.

Nikadhani nitabeba gunia langu na kuondoka. Karani akafungua kitabu. Gunia limeshaandikwa kilo hamsini na mbili kwa jina la shule, na karatasi imeshakatwa. Kilichoandikwa hakifutwi bila saini ya mwenyekiti, na mwenyekiti alikuwa kwenye sherehe yetu, anakula pilau. Mfumo wa stakabadhi ghalani ulianza kwenye korosho mwaka 2007, na sidhani kama kabla ya siku ile kuna sketi iliyowahi kuwa na stakabadhi.

"Karani, ndugu yangu, watoto wanangoja."

"Naelewa, fundi. Lakini ukiondoka nalo, kesho ghala kuu wanauliza kilo hamsini na mbili ziko wapi. Niwaambie zimevaliwa?"

Tukampigia mwenyekiti. Alikuwa na mnofu mdomoni, hatukuelewana. Mwisho yule mzee aliyekalia gunia akasimama akasema, kama tatizo ni kilo kwenye kitabu, basi shule ilete gunia lake la korosho lije kukaa mahali pa hili, kitabu kibaki kama kilivyo, kitakachozidi kiongezwe. Karani akafikiri. Akasema hilo linawezekana, lakini kabla lori halijaondoka.

Hapo ndipo nikakumbuka gunia hilo liko kwa nani.

Nilirudi na sare nimezipakata nyuma ya dereva wa bodaboda, karani mwenyewe nyuma yangu kama dhamana. Tulifika gari la diwani limeshawashwa. Gunia liko nyuma, bado limevaa khanga zake. Kamati yote imesimama imeshika tumbo, kila mmoja anamtazama mwenzake aseme. Nani atamwambia mtu aliyelia machozi mbele ya kijiji kwamba zawadi ilikuwa makosa? Na bati je?

Aliyetuokoa ni bibi mmoja aliyekuwa ameleta ming'oko, ile mizizi ya porini, ya kuchemsha kama mchango wake na akaiuza yote hapohapo langoni, na fedha akaikabidhi mwenyewe. Kwa ukoo diwani ni mjukuu wake. Akaenda mpaka dirishani, akagonga kwa fimbo.

"Mume wangu."

"Naam, mke wangu," diwani akajibu, maana hiyo ni haki yake bibi, na watu wakaanza kusogea.

"Mahari hujamaliza, nyumba hujajenga, na leo unaondoka na korosho za wake wenzangu? Mume gani huyo anayekuja kula kwa wake na kubeba?"

Diwani akacheka. Akaniona mimi nimekumbatia gunia lingine, mikono ya shati inachungulia. Akamwona karani na kitabu. Akamtazama mwalimu mkuu, ambaye ghafla alikuwa anasoma mawingu. Si mtu mjinga.

"Kwa hiyo hili gunia, mke wangu..."

"Linashuka."

"Na zile bati?"

"Bati umeahidi kwa kipaza sauti," bibi akasema. "Gunia ulipewa kwa makosa, bati umetoa kwa mapenzi. Usivichanganye."

Likashuka. Lori lilikutwa.

Sare tuligawa jioni ofisini, kupitia dirishani kwa sababu ya ile kufuli. Nilikagua kila moja, maana bambo halikupita bure: lilikuwa limetoboa kaptula moja kwenye paja, tundu dogo la duara. Nikamwita kijana aliyeipata, wa darasa la tano, nikamwambia aiache kwangu usiku mmoja niizibe isionekane. Akairudisha kifuani haraka.

"Usiizibe, fundi," akasema. "Wenzangu watajuaje kama imepimwa?"